Afisa Urafiki wa Unga wa Fahari

Nchi ya Shwari haina matatizo. Habari hiyo imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya lango la uwanja wa ndege, ili mgeni aipate mapema, kabla hajaanza kuangaza macho huku na huku. Kwingine watu wana njaa. Shwari wana kipindi cha hamu ya kula. Kwingine umeme hukatika. Shwari taa hupumzishwa. Na mwaka ule wa kisa cha unga hapakuwa na tatizo lolote vilevile. Kulikuwa na unga mwingi, na watu wasioutaka, basi.

Unga wenyewe uliagizwa kwa meli kwa ajili ya Sherehe za Taifa. Ulipofika ukawekwa ghalani kusubiri kitu kimoja tu: picha ya kuchapwa kwenye mfuko. Waziri wa Kilimo alitaka iwe picha yake, kwa kuwa unga hutoka shambani. Waziri wa Biashara alitaka iwe yake, kwa kuwa unga huuzwa. Waziri wa Ulinzi naye alitaka iwe yake, na hakutoa sababu. Ikaundwa kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo. Mvua za masika zikanyesha juu ya bati la ghala lililotoboka, zikapita, zikaja za vuli. Mwishowe wakubwa wakaafikiana ichapwe picha ya gunzi la mahindi linalotabasamu, maana gunzi halina chama. Wakati huo unga ulikuwa umeshaota ukungu wa kijani, na ukifungua mfuko ulipokewa na harufu ya kabati lililofungwa miaka. Wakaupa jina: Unga wa Fahari.

Wananchi wakaunusa, wakaurudisha dukani. Redio ya Taifa ikausifu asubuhi, mchana na jioni, na kadiri ilivyousifu ndivyo mihogo ilivyoadimika sokoni.

Hapo Wizara ya Sifa ikaenda semina katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na ikarudi na ugunduzi mkubwa: kwamba mtu huamini anachoambiwa na mtu anayemjua. Wakubwa walishangaa sana, kwa sababu wao hapakuwa na mwananchi waliyemjua. Ikabidi watafutwe watu wa kujulikana kwa niaba yao.

Kwanza wakaajiriwa Midomo ya Taifa. Hawa walikuwa watumishi wa kawaida waliovishwa nguo za kawaida na kutawanywa vinyozini, vituoni na misibani ili waseme, kama watu waliojisemea tu, maneno haya: "Jana nimepika Fahari, we acha tu, watoto wamelamba hadi mwiko." Waliyasema hivyo hivyo wote, hata wale wasio na watoto. Siku moja Midomo miwili ilikutana kwa fundi cherehani bila kujuana. Wa kwanza akasema watoto wamelamba mwiko. Wa pili akasema na wake pia. Wakashindana kulambisha miiko mpaka fundi akafunga duka, na kila mmoja akaenda kuripoti kwamba amempata mwananchi mmoja aliyeelewa. Wizara ikaandika: ushindi mara mbili.

Unga ukabaki ghalani.

*

Ndipo likatoka agizo la kujenga uhusiano na wanablogu, na ndipo lilipokuja jina la Anzuruni.

Anzuruni alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mabega ya mtu anayeogopa kugusa kitu. Utumishi wake wote aliutumikia katika Idara ya Makofi. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni ya jukwaa na kuinua leso kila hotuba inapofika mahali pa kupigiwa makofi. Hakuwahi kuoa. Aliishi katika nyumba ya serikali na mama yake mzazi, Bi Semeni, ambaye miguu ilikuwa imemchoka na hamu ya kula imemtoka.

Mkurugenzi Kazimoto alimwita ofisini, akamtazama kutoka kiatu mpaka kola.

"Ndugu Anzuruni, marafiki unao?"

Anzuruni akafikiri. "Ninaye mama, Ndugu Mkurugenzi."

"Safi kabisa. Maana yake huna mazoea mabaya." Mkurugenzi akainuka, akaegemeza vidole mezani kama mtu anayehutubia uwanja. "Urafiki, ndugu yangu, ni mchakato shirikishi. Unaanza na salamu, unapitia katika vicheko, na unaishia katika utekelezaji. Kuanzia leo wewe ni Afisa Urafiki, Daraja la Pili. Rafiki yako anaitwa Sikudhani Kapolo. Nenda kampende."

Akapelekwa mafunzoni. Akafundishwa kucheka bila kuonyesha fizi, kuulizia watoto, na pale pasipo na watoto kuulizia kuku. Akapewa kitambulisho chenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto, lakini mchoraji alikuwa shemeji wa mtu.

Huyo Sikudhani aliishi mtaa wa Mabomba, mtaa usiokuwa na hata bomba moja. Alikuwa mpishi wa harusi na misiba, na kila siku aliandika katika blogu yake, Jikoni kwa Sikudhani, yale aliyoyaona na kuyaonja. Watu walimwamini kwa sababu ya jiko. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumzawadia jiko jipya ili alisifu. Sikudhani akalipikia pilau, pilau likaungua chini na kubaki mchele juu, wageni wakatoka machozi kwa moshi. Akayaandika yote hayo kama yalivyokuwa, kisha akajitwika lile jiko kichwani, akalirudisha kwa mwenyewe mchana kweupe. Tangu hapo hapakuwa na mwanamke mjini aliyenunua sufuria kabla ya kujua Sikudhani amesemaje.

Anzuruni alimkuta anapepeta mchele mlangoni. Akasimama kama alivyofundishwa, miguu pamoja.

"Shikamoo... yaani, habari za hapa. Nyumba yako ina mandhari ya kuvutia."

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba na ukumbi, na mbele yake kamba iliyolemewa na nguo za wapangaji wengine.

Sikudhani akaacha kupepeta. "Umetumwa na nani, kaka?"

Swali hilo halikuwamo katika mafunzo. Anzuruni akafungua mdomo, akatafuta jibu, akakuta lililopo ni lile la kweli.

"Na Wizara ya Sifa. Wanataka niwe rafiki yako."

Sikudhani alicheka mpaka mchele ukamwagika ungoni. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Afadhali wewe husemi uongo. Waliotangulia walisema ni ndugu zangu wa kwa baba. Haya ingia, nina kunde za nazi jikoni. Umekula?"

Hakuna mtu nje ya nyumbani kwake aliyewahi kumwuliza Anzuruni swali hilo. Akaingia.

*

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mwanzoni alirudi kwa sababu ya kazi. Aliketi kwenye kigoda na kukata vitunguu, huku Sikudhani akimsimulia mabibi harusi wanaolia kwa sababu wali umeiva mapema. Anzuruni akajikuta anacheka na fizi zinaonekana. Kila Ijumaa aliwasilisha taarifa ofisini: urafiki unaendelea vizuri, urafiki umefikia kiwango cha kuitana kwa majina, urafiki umekumbwa na changamoto ndogo ya chumvi, imetatuliwa.

Siku moja alimweleza habari za mama yake. "Chakula anakitazama tu. Anasema vyote vina ladha moja, ladha ya kuumwa."

"Anapenda nini tangu zamani?"

Anzuruni hakujua. Alikuwa ameishi na mama yake miaka yote hiyo na hakujua. Sikudhani hakumcheka. Alimfundisha uji wa ulezi wenye ndimu na tangawizi, akamfundisha na supu ya mifupa inayochemka taratibu mpaka mifupa inalainika. Anzuruni akampikia mama yake. Bi Semeni akaonja, akasogeza bakuli karibu.

"Huyu mwanamke ana mkono," alisema. "Mlete nimwone."

Tangu hapo Anzuruni akaanza kwenda Mabomba hata siku ambazo si za kazi, na siku hizo hakuziripoti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuificha serikali kitu, na alilala vizuri.

Huko wizarani, urafiki wa maofisa wengine ulikuwa umeshaanza kuzaa. Mwanablogu wa michezo alikuwa ameandika kwamba golikipa wa timu ya taifa anakula Fahari; kesho yake golikipa akafungwa magoli mengi mno. Mwanablogu wa mapenzi aliandika kwamba Fahari hurudisha waume. Wanawake wakasema hao waume wakae huko huko. Hakuna aliyenunua. Mkurugenzi Kazimoto akamwita tena Anzuruni.

"Waziri wetu anauliza, huu urafiki wako utajifungua lini?"

"Ndugu Mkurugenzi, naomba muda. Yule mama haandiki asichokiamini."

"Basi amini wewe, naye ataamini. Si rafiki yako?" Mkurugenzi akapunguza sauti, ikawa laini kama ya mtu anayetoa pole. "Ile nyumba mnayokaa na mama ni nyumba ya watumishi. Miguu ya mama haiwezi kuhamahama, au nimekosea?"

Anzuruni akasema hajakosea.

*

Alikwenda na mfuko wa Fahari umefunikwa kwa gazeti, kama mtu aliyebeba nyama. Sikudhani akaufungua, akachota, akaupitisha puani, akausugua kwa kidole gumba.

"Kaka Anzuruni. Huu unanuka."

"Ni harufu ya ghala," alijibu, na maneno hayo yalikuwamo katika mafunzo. "Ukipikwa inatoka."

Sikudhani alisonga ugali mdogo, akaumega, akautafuna polepole, akaenda mlangoni kuutema. Akarudi akaketi.

"Sikiliza. Sitaki jibu la Wizara, nataka lako. Nyumbani kwako mnaula huu?"

Anzuruni alitazama moto. Aliiona nyumba ya serikali na dirisha ambalo mama yake hupenda kitanda chake kielekee. Aliona vyombo vikitolewa nje, kimoja kimoja.

"Tunaula," alisema.

"Na mama?"

"Na mama."

Sikudhani alimkazia macho kitambo, kisha akayaondoa. "Basi labda ulimi wangu ndio umeharibika kwa viungo. Wewe hujawahi kunidanganya, hata siku ile ya kwanza ambayo ungeweza."

Jioni ile aliandika: "Unga wa Fahari mimi sikuupenda harufu, na ugali wake umenikaa vibaya mdomoni. Lakini ninaye rafiki, anaula nyumbani kwake pamoja na mama yake mzazi, na rafiki huyo hajui kusema uongo. Anayetaka ajaribu."

Waziri alisoma nusu ya kwanza akavunja kikombe. Akasoma nusu ya pili akaagiza kikombe kingine.

Maneno yakaanza kutembea. Sokoni ilisemwa kuna kijana anayempikia mama yake ugali wa Fahari kwa mikono yake. Hospitalini ilisemwa mama huyo alikuwa hoi na sasa anafua. Ilipofika mitaa ya juu, mama alikuwa anacheza ngoma na mchumba ameshapatikana. Foleni zikashona madukani. Ghala likafunguliwa milango yote, nayo Midomo ya Taifa ikastaafishwa kwa heshima, maana sasa nchi nzima ilikuwa inafanya kazi yao bure.

Anzuruni akapandishwa Daraja la Kwanza na kutumwa mikoani kufundisha maofisa wapya jinsi ya kupendwa. Kila alikofika alisimama mbele ya ubao, akasema Fahari ni unga bora, na watu wakaandika. Mwanzoni aliitafuta leso mfukoni kila alipotaja neno "bora". Baadaye akazoea kusubiri makofi bila leso. Alimwacha mama yake chini ya uangalizi wa jirani mmoja mwema, na ulezi wa kutosha ndani ya kopo.

Aliporudi, akakuta kopo la ulezi limejaa vilevile.

Bi Semeni alikuwa ameegemea mto, tumbo limetuna chini ya shuka, na macho yake yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Alitabasamu alipomwona.

"Mwanangu, nimekula. Kila siku nimekula. Muulize jirani."

"Umekula nini, mama?"

"Fahari. Jirani alinisomea kwenye simu, ameandika yule dada yako mwenye mkono mzuri. Anasema yupo kijana mmoja anakula na mama yake." Alitafuta mkono wa mwanawe juu ya shuka. "Nikasema, huyo kijana ana raha. Wacha na mimi nijikaze nile, ili ukirudi tukae mezani wawili, uwe kama yeye."

Anzuruni alitoka nje. Akaita gari la kumpeleka mama hospitali.

*

Hospitali ya Taifa ilikuwa imejaa watu wenye macho ya njano. Walilazwa wawili wawili, kichwa huku na miguu kule, na juu ya kila kitanda palitundikwa kibao kilichoandikwa ugonjwa: Shibe Iliyozidi. Redio ilikuwa imetangaza asubuhi hiyo kwamba Shwari sasa ina tatizo la watu kushiba mno, na kwamba nchi jirani zinaona wivu.

Daktari alimvuta Anzuruni nyuma ya pazia. "Ukungu wa ule unga. Una sumu, umemla ini."

"Basi andika hivyo, daktari."

"Aliyeandika hivyo hayupo kazini tena." Daktari alikuwa na uso wa mtu ambaye hajaoga wala kukaa. "Mimi nikiondoka, hawa nani atawawekea hata maji?"

Bi Semeni hakulalamika. Aliomba mara moja tu alishwe uji wa ulezi, na alipoletewa akashindwa kumeza, akaomba radhi kwa usumbufu. Alifariki asubuhi, Anzuruni akiwa ameteremka kutafuta maji ya kumpangusa uso. Aliporudi na beseni, muuguzi alikuwa ameshamfunika, na juu ya kitanda kilekile, upande wa pili, mgonjwa mwingine alikuwa anajisogeza apate nafasi.

*

Msibani walikuja watu wengi, kwa kuwa Anzuruni sasa alikuwa Daraja la Kwanza. Wanaume waliketi kwenye majamvi mbele ya nyumba. Wanawake walikuwa uani, na masufuria makubwa yalikuwa yameshainjikwa mafigani. Sikudhani alikuja na mwiko wake mwenyewe. Alimshika Anzuruni mabega yote mawili, akalia, akamwambia, "Sikumuona akiwa hai, kaka. Wacha basi nimpikie watu wake," akapita uani kushika uongozi wa jiko.

Mchana likafika lori la Wizara, limejaa rambirambi: mifuko ya Fahari, kila mmoja na gunzi lake linatabasamu. Nyuma ya lori alikuwa Mkurugenzi Kazimoto, amevaa suti nyeusi.

Alisimama katikati ya majamvi. "Ndugu wafiwa. Marehemu Bi Semeni hakuwa mama tu. Alikuwa mlaji. Mlaji mzalendo, aliyeupokea Unga wa Fahari bila kuuliza maswali, hata pale mwili wake ulipoanza kuonyesha dalili za ushindani. Sisi Wizara tunasema, pengo lake litazibwa na ninyi."

Mtu mmoja akapiga makofi kwa mazoea. Wengine wawili wakamfuata. Anzuruni alijua hasa mahali makofi yale yalipotoka. Ni yeye aliyeyapanda, kwa leso, mwaka baada ya mwaka. Kutoka uani ikasikika sauti ya mfuko ukichanwa.

Aliinuka. Alikata majamvi bila viatu, akaingia uani walikokuwa wanawake, na wanawake wakajifunika wakishangaa mfiwa ana nini. Maji yalikuwa yanatokota. Sikudhani alikuwa na bakuli la unga mkononi.

"Dada, usipike."

"Kwa nini?"

"Huo ndio uliomuua mama."

Sikudhani aliutazama unga, akamtazama yeye. "Lakini mlikuwa mnaula. Uliniambia. Mlikuwa mnaula wote wawili."

"Hatukuwahi kuula. Nilikwambia hivyo kwa sababu ya nyumba. Mama aliula baadaye, alipokusoma wewe."

Mkurugenzi alikuwa amefika mlango wa uani. "Huzuni, akina mama," alisema kwa sauti ya upole. "Mfiwa ana huzuni, asisikilizwe. Endeleeni kupika."

Mwanamke mmoja mzee, ambaye mumewe naye alikuwa amelazwa Hospitali ya Taifa kwa kushiba, alimsogelea Anzuruni karibu sana, kama anayetaka kumnusa. "Wewe. Mama yako anakula sumu, ulikuwa wapi?"

"Kazini," Anzuruni alisema. "Nilikuwa nausifu."

Mzee yule akavuta figa moja kwa upindo wa khanga, mwenzake akavuta la pili, sufuria likainama na maji yote yakamwagika juu ya moto. Mvuke ukapanda uani mpaka watu wakapotea. Ulipotulia, Sikudhani alikuwa bado amesimama na bakuli.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlisha," alisema.

"Ni mimi, dada."

"Wewe ulitia neno. Mdomo ulikuwa wangu." Alilitua bakuli chini taratibu kama vile lina mtoto ndani, akachukua mwiko wake, akaondoka bila kupitia mbele.

Aliandika siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Aliandika jina la Bi Semeni na jinsi alivyokufa, akaandika kwamba yeye Sikudhani aliutema ule ugali na bado akawaambia watu wajaribu. Hakumtaja Anzuruni kwa jina. Aliandika "mtu mmoja niliyemwamini". Muda mfupi baadaye mtandao wa nchi nzima ukapumzishwa.

Walichelewa. Waombolezaji walikuwa wameshaondoka na njaa zao, kila mtu na njia yake, na hakuna mtu atokaye msibani bila kula asiulizwe nyumbani kulikoni. Asubuhi mitaro ya mji ilikuwa myeupe kwa unga. Kufikia mchana Redio ya Taifa ilitangaza kwa furaha kwamba Fahari imekwisha, kutokana na upendo wa wananchi.

Sikudhani alichukuliwa akiwa anafua. Shtaka lake lilisomeka: kuvunja urafiki na taifa kwa makusudi. Anzuruni alikwenda kituoni kuomba naye akamatwe, akaambiwa kosa lake ni la kiutumishi, asubiri kamati. Wakati akisubiri, vyombo vyake vilitolewa nje, na kitanda cha Bi Semeni kikaachwa kwenye majani kikielekea barabarani.

*

Alipata chumba Mabomba. Kila siku ya kuonana na mahabusu alipika, akafunga chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, akaenda kupanga foleni kwenye lango la gereza pamoja na akina mama, waume na watoto wa watu.

"Wewe ni nani wake?" askari wa langoni alimwuliza mara ya kwanza.

Anzuruni aliwahi kuwa na kitambulisho kinachojibu swali hilo. Alisimama na bakuli lake la moto.

"Si ndugu yake," alisema mwishoni.

"Hapa wanaruhusiwa mume, mzazi na mtoto. Rudi."

Akarudi. Siku iliyofuata ya kuonana akaja tena, na tena akarudishwa, na chakula akawa anakigawa kwa watu wa foleni. Mwishowe askari, ambaye naye alikuwa amemzika shangazi yake mwenye macho ya njano, alichoka kumfukuza.

"Lete. Nitampelekea, lakini huingii."

Alikwenda nalo, akakaa kitambo, akarudi nalo. Bakuli lilikuwa halijafunguliwa.

"Anauliza nani kapika."

"Mwambie Anzuruni."

Askari akaenda, akarudi. Safari hii hakumwangalia usoni.

"Anasema uanze wewe kula. Hapa, mbele yangu. Nikuone unameza, ndipo nikamwambie."

Foleni nzima ilimtazama. Anzuruni alichuchumaa kwenye vumbi la lango, akafungua mfuniko, akanawa kwa maji kidogo aliyopewa na mama wa nyuma yake. Ulikuwa wali na kunde za nazi. Akala tonge la kwanza, akameza, akafungua mdomo askari aone. Akala la pili. Kisha akafunika kilichobaki, akakishika kwa mikono miwili, akakinyoosha kuelekea ndani ya lango.